Mbona Bado Unaumwa?

Maneno haya niliyasema Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu wenzangu, wauguzi na akina mama wa mitaa ya jirani. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikipunguza pale nilipojirudia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, walimu wenzangu, wauguzi wetu, na akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kuja. Najua leo jua limetoka baada ya mawingu ya siku tatu, na mwenye karafuu uwanjani haliachi jamvi lake hivi hivi. Mliokuja mmeacha kazi, nami nalijua hilo.

Nimeombwa nizungumze juu ya uvimbe wa kichwani. Nitauzungumza. Lakini kilichonisimamisha hapa ni suali aliloniuliza mama yangu mzazi mwaka juzi. Tulikuwa jikoni, mimi nimekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi nusu haijakunwa, kichwa nimekiegemeza ukutani. Akaniangalia muda, akasema: "Mwanangu, si walishauona? Si dawa unakula? Si wamekwambia umenywea? Mbona bado unaumwa?"

Sikuwa na jawabu. Jawabu kamili hata leo sina. Nimekuja kuwaeleza maisha ya mtu asiye na jawabu hilo, kwa sababu naamini tupo wengi, na wengi tumenyamaza.

Nianze na maziwa. Ndiyo yaliyoanza, na ndilo neno ambalo mwanamke wa hapa atalimeza kuliko kulitamka. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa darasani, Kidato cha Pili, nimenyanyua mkono naandika ubaoni, nikahisi ubichi kifuani. Nikadhani jasho. Nilipofika nyumbani nikavua, sidiria ina madoa pande zote mbili. Nikaminya kidogo. Maziwa. Mtoto ana miaka tisa, yuko uani anacheza mpira, na mimi natoka maziwa.

Siku zangu zilikuwa zimekatika miezi minane. Mavyaa, mama wa mume wangu, alipojua alifurahi, alidhani Mungu ametupa mwengine. Nikapima mimba mara tatu, hakuna. Baada ya hapo furaha ya mavyaa ikageuka ukimya, na ukimya wa mavyaa, wenye ndoa mnaujua uzito wake. Kichwa nacho kikiniuma, huku mbele, nyuma ya macho.

Nilizunguka. Pahala pa kwanza nilipewa vidonge vya kichwa. Pa pili nikaambiwa nakaribia kukatika hedhi, nami nina miaka 34. Pa tatu aliyenipokea hakunyanyua macho, aliandika huku anasema: "Mama, ni mawazo tu. Pumzika." Sitataji ni wapi. Sikuja kushtaki mtu.

Mama yangu yeye aliona husuda. Mwaka ule nilikuwa nimepewa cheo skuli, na jirani yetu mmoja, ambaye binti yake naye aliitarajia nafasi ileile, alikuja kunipongeza akanishika bega. Kwa mama, maradhi yaliingia kwa bega lile. Nikapelekwa kwa shehe, nikaandikiwa kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, likakoshwa kwa marashi, nikanywa. Kombe silijutii. Ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki. Ninachokijutia ni jirani. Miezi 14, nyumba mbili zilizopakana uani hazikuombana chumvi.

Nilipopata picha ya kichwa, siku ya pili yake nilioka mkate wa kumimina nikampelekea. Nikamwambia: kilichokuwa kikiniumiza ni hiki, kipo hapa kwenye karatasi, tusamehe. Alilia. Akasema: "Nilijua mnanisema. Nilikuwa namsikia mama yako akifunga dirisha kila nikitoka kuanua nguo." Nayasema haya kwa idhini ya mama. Yupo hapa, safu ya pili. Na jirani yupo pembeni yake.

Sasa, aliyenitoa gizani alikuwa muuguzi kijana, wala si daktari bingwa. Nilikwenda kwa jambo jengine kabisa, akanipima presha, akaniuliza hedhi, nikamwambia imekatika. Akanyamaza kidogo, akasogeza kiti, akapunguza sauti: "Mwalimu, na maziwa yanatoka?" Suali moja. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza, na mimi kwa haya sikusema. Damu yangu ikapimwa prolaktini, yaani homoni ya maziwa, ikaonekana mara sita ya kiwango cha juu cha kawaida. Ndipo nikapanda boti Mkoani hadi Unguja, kisha boti nyengine hadi Dar es Salaam kwa picha ya kichwa ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Bangili zangu mbili zilibaki kwa sonara.

Nieleze hiki kitu chenyewe, kwa sababu nilipopewa jina la ugonjwa nililishika kama mtu anayeshika barua ya lugha asiyoijua.

Nyuma ya pale nyusi mbili zinapokutana, ukiingia ndani mpaka chini ya ubongo, kuna kishimo katika mfupa. Wataalamu wa zamani wa maumbile ya mwili walikiona kinafanana na tandiko la farasi la Kituruki, na kwa Kilatini kinaitwa hivyo hadi leo. Katika tandiko hilo imekaa tezi ya pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi, uzito kama nusu gramu. Inaning'inia kwa kikonyo kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Nyinyi wa karafuu mnanifahamu nikisema kikonyo: ukikikata, punje haina tena habari ya mti.

Punje hiyo ndiyo inayoamrisha tezi ya thairoidi shingoni, tezi zilizo juu ya figo, ovari za mwanamke na korodani za mwanamme, na ukuaji wa mtoto. Na ndiyo inayotoa prolaktini, homoni ya maziwa. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Homoni nyengine za sehemu ya mbele ya tezi hii hungoja amri ndipo zitoke. Prolaktini ni kinyume: yenyewe ingependa kutoka muda wote, na ubongo huizuia kwa kemikali iitwayo dopamini, inayoteremka kupitia kile kikonyo. Ni breki. Breki ikikatwa, prolaktini inapanda. Ndiyo maana si kila prolaktini iliyopanda ni uvimbe unaoitengeneza. Uvimbe wa aina nyengine ukikibana kikonyo, inapanda. Dawa ya kutapika ya metoklopramidi inaweza kuipandisha. Dawa za maradhi ya akili kama haloperidoli na risperidoni zinaweza kuipandisha, na mgonjwa wa akili akitoka maziwa watu humwongezea aibu juu ya aibu. Thairoidi ikizembea, inapanda. Mimba na kunyonyesha huipandisha kwa haki yake. Wauguzi, nakuombeni: kabla mtu hajauza bangili, muulizeni anakula dawa gani.

Wangu ulikuwa uvimbe kweli. Milimita saba. Chini ya milimita 10 huitwa mdogo. Kuanzia 10 huitwa mkubwa, na huo ndio unaoweza kupanda juu ukabana mishipa ya macho inayopishana hapo. Mtu akibanwa mishipa hiyo hupoteza uoni wa pembeni, huku na huku. Mbele anaona sawa, lakini anagonga miimo ya milango, na pikipiki inamtokea ubavuni kama imeshuka mbinguni. Hilo halikunipata.

Uvimbe wa aina hii karibu kila mara si saratani. Narudia kwa sababu wapo waliokuja nyumbani kwangu na nyuso za matanga: karibu kila mara si saratani. Na ule unaotoa prolaktini, tofauti na aina nyengine nyingi, mara nyingi hauhitaji kisu. Hutibiwa kwa vidonge vinavyoiga dopamini, vinavyorudisha breki. Zipo bromokriptini na kabergolini. Mimi nilipewa kabergolini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki. Katika wiki chache maziwa yakakauka. Mwezi wa tatu siku zangu zikarudi. Dada zangu, hapa mskilize: uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hujaiona hedhi ya kwanza. Anayetaka mtoto afurahi, na asiyetaka ajikinge mapema, na wote wawili wamwambie daktari, kwa sababu ukishika mimba dawa hupangwa upya.

Picha ya mwaka uliofuata ilisema milimita nne. Alhamdulillah. Tulichinja mbuzi.

Hapo ndipo hadithi za watu wengine huisha, na yangu ndipo ilipoanza.

Kwa sababu nilikuwa nimechoka. Sijui niuseme vipi uchovu huu. Mnaujua uchovu wa kuchuma karafuu kutwa, ukishuka mikono inatetemeka, lakini ukioga ukala ukalala, asubuhi umekuwa mtu. Huu haukuwa na asubuhi. Nilikuwa naamka nimechoka kama nilivyolala. Natahini mitihani, mstari mmoja nausoma mara nne. Mwanafunzi niliyemfundisha miaka miwili ananisalimia njiani, jina lake silioni. Na msimu ukaja. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikipima pishi na kuandika hesabu za wachumaji, tangu ningali msichana. Mwaka ule nilikaa kivulini na daftari, hesabu zikanipotea, mjomba akaichukua kalamu mkononi mwangu taratibu bila ya kusema kitu. Upole ule uliniuma kuliko maneno.

Maneno nayo yalikuwapo. "Anadeka." "Kesha pona huyu, kazoea kupepewa." Na kichwa bado kinauma, na nikisimama ghafla dunia inazunguka.

Nikarudi kwa daktari na karatasi zangu. Homoni sawa. Uvimbe umenywea. Akanambia uvimbe wa milimita nne hauwezi kufanya yote haya. Niliondoka nimefura. Nilidhani ananiambia muongo.

Miaka imepita ndipo nimeielewa hesabu aliyokuwa akiipiga, na naomba muielewe na nyinyi. Uchunguzi wa maiti na wa picha za vichwa, uliofanywa nchi mbalimbali, umekuta kwamba kama mtu 1 katika kila 10 ana kauvimbe kadogo kwenye pituitari bila hata ya kujua. Ukumbi huu tukiwa 80, huenda wanane wanacho sasa hivi. Lakini waliohesabiwa Liège, Ubelgiji, katika utafiti uliochapishwa 2006, wale ambao uvimbe wa pituitari umewaletea maradhi, walikuwa kama 1 katika 1,000. Kumbe uvimbe kuonekana kwenye picha si ushahidi kwamba ndio unaokuumiza. Unaweza kuwa upo tu, kama mjusi darini, na mwizi ni mwengine. Daktari hakunitukana. Aliniambia kweli nusu. Nusu iliyobaki, yaani basi ni nini kinachoniumiza, hakuitafuta, na mimi kwa hasira sikuidai.

Hili ndilo nililokuja nalo leo. Mtu akishapewa jina la ugonjwa, hutupwa katika moja ya visima viwili. Ama kila kinachomuuma kinabebeshwa uvimbe, hata jino, na hakuna anayetafuta tena. Ama, uvimbe ukinywea, kila kinachomuuma kinaitwa mawazo, na hakuna anayetafuta tena. Mimi nimeingia vyote viwili, na maji yake ni mamoja.

Nikaanza daftari. Mimi mwalimu, najua kitu kisichoandikwa hakisahihishiki. Kila usiku mistari minne: nimelala saa ngapi, nimekula dawa gani, nimefanya kazi gani, maumivu ni ngapi kati ya kumi. Miezi mitatu. Kisha nikalisoma kama ninavyosoma daftari la mwanafunzi, bila ya kumhurumia mwenyewe wala kumdharau.

La kwanza lililojitokeza ni kizunguzungu. Kilikuwa kinakuja siku za kabergolini na siku inayofuata. Dawa ile kwa baadhi ya watu huteremsha presha mtu anaposimama, na huleta kichefuchefu. Nilikuwa naimeza asubuhi, tumbo tupu, naondoka mbio kwenda skuli. Daktari akanambia: imeze usiku, pamoja na chakula, na ukiamka kaa kitako kwanza ukingoni mwa kitanda. Ramadhani naimeza usiku baada ya kula. Kizunguzungu kimepungua mpaka nakisahau. Na kwa kuwa nimeitaja dawa: kwa watu wachache hulegeza kujizuia. Mtu anaanza kununua ovyo, kubeti, au matamanio yanampita kiasi. Watu wa nyumbani wakiona hivyo wasimtangaze, wamrudishe kwa daktari.

La pili ni kichwa. Daftari lilionesha panadoli siku 22 za mwezi. Sikuamini, nikahesabu tena. Nani kati yetu huhesabu panadoli? Zinauzwa duka la mkate. Kumbe mtu mwenye maradhi ya kichwa akimeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyokiumiza kichwa. Kuviacha kulinichukua wiki mbili ngumu, mume wangu akifunga madirisha na kuwatoa watoto nje. Leo kichwa kinaniuma siku nne au tano kwa mwezi. Mwaka mzima tuliusingizia uvimbe jambo lililokuwa kwenye mkoba wangu.

La tatu ni uchovu. Na huu haukujitokeza. Nimepimwa damu kama inatosha, thairoidi, sukari, na kotisoli, homoni ya zile tezi za juu ya figo, ya saa mbili asubuhi, ambayo ndiyo saa inayotakiwa kwa sababu homoni hiyo hupanda alfajiri na kushuka kutwa. Vyote sawa. Nikaulizwa kuhusu huzuni, na sikuruka. Nilikubali kukaa na mtaalamu wa afya ya akili, na yale mazungumzo yamenisaidia sana kulala na kusema. Uchovu umebaki. Baadaye nikaja kujua kwamba tafiti nyingi zimewakuta wagonjwa wa uvimbe wa pituitari, hata waliotibiwa na homoni zao zikarudi kwenye kiwango, wanaishi kwa shida zaidi kuliko watu wa rika lao, na uchovu ni miongoni mwa wanayoyataja sana. Kwa nini, hakuna aliyeniambia jambo nikaridhika. Lakini kujua kwamba wenye maradhi yangu huko Ulaya na Marekani nao wameegemeza vichwa ukutani kulinitosha kwa wiki nzima.

Daktari wangu wa sasa alizipitia karatasi zote, akaligeuza daftari langu ukurasa baada ya ukurasa, akavua miwani. Akasema: "Mwalimu, sijui. Na nakuamini kwamba umechoka. Tutapima tena baada ya miezi sita, na likizuka jipya usingoje miezi sita." Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia "sijui" na "nakuamini" kutoka katika mdomo mmoja. Wale wa kabla yake waliokuwa hawajui walinambia ni mawazo. Laiti wangesema hawajui.

Naomba niwageukie wauguzi na wahudumu wa afya, kwa haraka, kwa sababu mnayajua zaidi yangu, ila mimi nimeyalipia.

Ulizeni maziwa. Ulizeni hedhi, na kwa mwanamme ulizeni hamu ya ndoa, kwa sababu nao hupata uvimbe huu, na mara nyingi wao hugunduliwa ukiwa umeshakuwa mkubwa. Ulizeni faraghani, si mbele ya mavyaa. Mtu ambaye pete haimwingii tena, viatu vimekuwa vidogo ukubwani, taya limetoka: huyo huenda homoni ya ukuaji imemzidi, na hubadilika polepole kiasi kwamba wa nyumbani hawaoni, mwambieni alete picha yake ya miaka kumi nyuma. Mtu mwenye uvimbe huu akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa asiyowahi kuyapata, akatapika, macho yakaingia giza au kope ikaanguka, huyo hangoji boti ya kesho. Uvimbe unaweza kuwa umevuja damu ndani yake. Na wale ambao pituitari yao haiamrishi tena kotisoli, wanaoishi kwa vidonge vya haidrokotisoni au predinisoloni vinavyoshika nafasi yake: wasiache dawa hata siku moja, wakiugua homa huhitaji zaidi, wakitapika huhitaji sindano, na Ramadhani wasifunge kabla ya kupanga na daktari. Sheria imetupa ruhusa sisi wagonjwa. Tuichukue kwa heshima ileile tunayoichukulia faradhi.

Na mmoja zaidi, huyu yuko katika kila kijiji tunachokijua. Mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, akanusurika. Kisha maziwa hayakuja kabisa. Hedhi haikurudi. Akawa mzito, baridi kila saa, nywele za kwapani zikapukutika, na watu wakasema uzazi umemmaliza, au ameachiwa kitu. Pituitari huwa imevimba wakati wa mimba na inahitaji damu nyingi. Damu ikikosekana, hufa. Daktari wa Kiingereza, Harold Sheehan, aliieleza hali hii 1937. Miaka yote hiyo inajulikana, na inatibika kwa vidonge. Mimi maziwa yalinizidi, yeye yalimkauka, tezi ni moja. Mkirudi makwenu mkumbuke ni nani, kisha nendeni mkambishie hodi.

Kwa watu wa nyumbani nina machache. Mume wangu hakuwahi kuuliza "mbona bado". Aliuliza "leo ngapi?" Mimi nikasema sita, au nane, na yeye akajua kama akachote maji mwenyewe au tutachota pamoja. Ikawa mazungumzo yetu ya asubuhi, na hayakuwa na hukumu ndani yake. Siku ya maumivu nane anawapeleka watoto chuoni, kwenye Qur'ani. Siku ya maumivu matatu natwanga mimi, na nikitwanga haniambii "unaona, umepona". Hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalomshukuru zaidi. Mgonjwa wa ugonjwa usioonekana hata siku yake njema hugeuzwa ushahidi dhidi yake.

Na dua ziendelee. Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, aliugua muda mrefu, na Qur'ani imeuhifadhi wito wake kwa Mola wake kwamba dhara imempata. Alisema inauma. Kusubiri hakukumziba mdomo.

Mama, lile suali lako nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na chini yake nimeacha nafasi. Kizunguzungu nimekiandika, kichwa nimekiandika. Nafasi ya uchovu bado nyeupe. Mwezi ujao nakwenda nalo tena Unguja, boti ya asubuhi, na safari hii umesema utanisindikiza, ukae ndani ya chumba cha daktari usikie mwenyewe.

Pale mlangoni kuna boksi. Ndani yake nimetia madaftari 60, yale ya kurasa 48 tunayoyatumia skuli. Anayeumwa na hajapewa jawabu achukue moja, na mwenye mtu wa hivyo nyumbani amchukulie. Usiku wa leo andikeni mstari wa kwanza. Wauguzi wawili watabaki hapa hadi Magharibi, na kile chumba cha nyuma kina mlango unaofungika, kwa wenye masuali ya kuuliza pembeni.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.